Nina miaka 46 na leseni ya gari dogo. Bado naweza kuwa dereva wa lori?

SWALI: Shikamoo mzee. Nina miaka 46, naishi Chang'ombe hapa Dodoma, nina mke na watoto watatu, wa mwisho yuko darasa la tano. Nilikuwa mtunza stoo kwa miaka 13 katika kampuni ya vifaa vya ujenzi, mpaka walipofunga tawi mwaka jana. Nina leseni ya daraja D, nimeendesha pikapu ya ofisi miaka mingi bila ajali. Nina akiba ya shilingi milioni 6. Shemeji yangu anasema nikope nyingine juu yake, ninunue Fuso iliyotumika niendeshe mwenyewe. Rafiki yangu anasema niingie moja kwa moja kwenye semi za Rwanda, yale malori ya trela, ndiko kwenye posho. Mke wangu anasema umri umekwenda, nitafute kazi ya kukaa. Nani yuko sahihi, na nianzie wapi?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu, na pole kwa kazi iliyokatika.

Kati ya hao washauri wako watatu, aliye karibu zaidi na ukweli ni mke wako, ingawa sababu aliyoitoa siyo. Miaka 46 haikuzuii kushika usukani wa lori. Nimefundisha watu waliopita umri huo na leo wanalisha familia zao kwa kazi hii. Kinachowaangusha wengi ni mwaka wa kwanza, na ukitazama vizuri utaona shemeji yako na rafiki yako wanakushauri jambo lile lile: uuruke mwaka huo. Mmoja anataka uuruke kwa mkopo, mwingine kwa trela. Mimi nataka uupite wote, polepole, hapa hapa Dodoma, ukilala nyumbani kwako.

Leseni nitaipitia haraka. Daraja D ulilonalo linakuruhusu magari ya kawaida, ila siyo ya biashara, mazito wala ya abiria. Lori zito linataka daraja E. Unapita chuo kinachotambuliwa, unapimwa na askari wa usalama barabarani, kisha leseni yenyewe unaitoa TRA. VETA wapo hapa Dodoma. Ukimudu nauli na malazi, Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, NIT, pale Mabibo Dar es Salaam, kina kozi ya madereva wa magari makubwa ya mizigo, na cheti chake waajiri wanakiheshimu. Ukishapata E, pita LATRA, wasimamizi wa usafiri wa nchi kavu, uulize utaratibu wa kuthibitishwa kama dereva wa chombo cha biashara. Hao ndio waliochukua nafasi ya SUMATRA mwaka 2019. Njiani utakutana na vijana wanaosema wana mtu wa kukupatia E ndani ya wiki bila kukanyaga darasani. Achana nao. Polisi wamekuwa wakihakiki leseni za madaraja makubwa kwa kudai cheti cha chuo, na siku ukipata ajali na leseni ya namna hiyo, wa kwanza kukukimbia ni bima.

Chuo kitakupa msingi: kuondoa gari, gia, kurudi nyuma, alama, ukaguzi wa gari kabla ya safari. Kitakuwa kimekufikisha mlangoni tu. Fungua tangazo lolote la kazi ya udereva uone: daraja E, uzoefu wa miaka mitatu, mahali pengine mitano. Huna. Kijana wa miaka 24 naye hana, lakini yeye atakaa utingo miaka miwili, atalala juu ya turubai, atakula kwa posho ya dereva, mpaka siku moja dereva kachoka anamwachia usukani kati ya Manyoni na Ikungi. Njia hiyo ni ya hatari na haiko kisheria, ila usishangae ukisikia ndiyo iliyowatoa madereva wengi unaowaona leo. Wewe una ada za watoto watatu. Huna miaka miwili ya kulala juu ya turubai.

Ulichonacho ni watu. Umetoa saruji, nondo na mabati kwa miaka 13, kwa hiyo unawajua wenye maduka ya vifaa vya ujenzi wa mji huu kwa majina, na wao wanakujua kwamba hesabu yako haipungui. Hao ndio wenye Canter, Fuso na tipa. Usianze kwa kupeleka barua kwenye kampuni kubwa za usafirishaji, anza na wale uliokuwa unawafungulia mlango wa stoo. Mwenye Fuso hana usingizi kwa sababu mbili: dereva anayenyonya mafuta na dereva anayegeuza mzigo. Ukimwendea mtu ambaye amekuona ukisimamia mali isiyo yako kwa miaka yote hiyo bila mfuko mmoja kupotea, lile swali la uzoefu linapungua uzito. Halifi, linapungua.

Na kazi za mjini zipo. Tangu serikali ihamie huku, Dodoma imekuwa ikijengwa kila upande: Mji wa Serikali kule Mtumba, uwanja wa ndege wa Msalato, barabara ya mzunguko wa nje ya kilomita 112.3 inayopita Nala, Veyula, Mtumba, Ihumwa na Matumbulu, bila kuhesabu nyumba za watu. Kila msingi unataka mchanga, kokoto na maji. Kizota kuna maghala, pamoja na ya Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, na penye maghala pana magari yanayopakia na kushusha.

Wenye semi wanaidharau tipa. Waache. Dereva wa semi akitoka Dar es Salaam kuja Dodoma, kilomita kama 450, anaweza kurudi nyuma mara mbili tu: wakati wa kupakia na wakati wa kushusha. Wewe kwenye tipa utarudi nyuma mara ishirini kwa siku, kwenye kiwanja ambacho fundi amemwaga matofali katikati, watoto wamesimama wanatazama, na mama mwenye nyumba anakuelekeza kwa mkono huku anaongea na simu. Hapo ndipo macho yanapozoea vioo na mwili unapojua urefu wa gari bila kuuwaza. Mwaka mmoja wa tipa mjini una mafunzo ya usukani kuliko miaka miwili ya lami iliyonyooka. Jambo moja tu ulishike: usinyanyue bodi gari likiwa limeinama upande. Mchanga uliolowa unaganda upande mmoja, uzito wote unahamia juu, tipa inalala. Shuka kwanza, itazame ardhi kwa miguu yako.

Sasa nikuambie jambo ambalo vyuo havifundishi, la umri wenyewe. Bosi wako atakuwa mdogo kwako. Atakayekuonyesha gari siku ya kwanza anaweza kuwa na miaka 27, kofia nyuma mbele, na atakuita "mzee" kwa sauti ambayo haina heshima yoyote. Atacheka gia ikilia. Wanaume wa umri wetu wengi wanaachia kazi hapo. Usukani wanaumudu, ila hawawezi kuambiwa "mzee, umekosea" mbele za watu. Omba mwenye gari akuruhusu ukae kiti cha pili wiki kadhaa kabla hujakabidhiwa funguo. Shuka ufunge turubai, vuta kamba, piga jeki, badili tairi ukiwa na huyo kijana. Muulize maswali mbele za watu, makusudi. Akishakuona unauliza bila aibu, kicheko kinaisha ndani ya siku chache, na vijana hawa wakikupenda wanakufundisha kila kitu, hata wanayofichana wenyewe. Na wewe una ya kumlipa: wengi hawajui kusoma mkataba wala kujaza karatasi za mzigo.

Karatasi ndipo stoo yako inapogeuka mtaji. Lori barabarani linasimamishwa kwa karatasi mara nyingi kuliko kwa ubovu. Risiti ya EFD ya bidhaa, delivari (hati ya kupelekea mzigo), ukibeba mazao stakabadhi ya ushuru kwenye geti la halmashauri, bima, stika, vibali. Mtunza stoo hapakii kitu asichokihesabu na hasaini asichokiona. Endelea hivyo hivyo, hata utingo akikuambia unachelewesha.

Halafu mizani. Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo hesabu inapotenganisha dereva na mshika usukani. Tangu Machi 2019 tunatumia sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari. Mizani inapima ekseli kwanza, yaani kila mhimili unaoshika tairi za pande mbili, halafu jumla. Ekseli ya mbele, ya usukani, tani 8. Ekseli moja ya nyuma yenye tairi pacha, tani 10. Zikiwa ekseli mbili pamoja, tani 18. Zikiwa tatu, tani 24. Kwa hiyo Fuso ya ekseli mbili isizidi tani 18 pamoja na gari lenyewe, tipa ya ekseli tatu tani 26, semi ya ekseli sita tani 50, na kikomo cha juu kabisa kwa gari lolote ni tani 56. Unaweza kuwa ndani ya jumla na bado ukakamatwa kwa sababu mzigo umekaa nyuma sana. Kuupanga mzigo ni kazi yako, hata kama waliobeba magunia ni wengine.

Chukua mfano wa Kibaigwa, kwenye soko la mahindi. Mfanyabiashara anakuambia gunia 300, kilo mia mia, tani 30, semi inazimudu. Lakini magunia yameshonwa lumbesa, yaani yamejazwa kupita mdomo, kila moja limezidi kilo 10. Hapo una tani 3 za ziada ambazo hakuna aliyezitaja, na wewe ndiye utakayesimama nazo kwenye mizani ya Mikese na Vigwaza, au Nala na Njuki kama unaelekea Singida. Mfanyabiashara atakuwa amelala kwake. Mchanga nao una ujanja wake: mita moja ya ujazo ikiwa kavu ni kama tani 1.6, ikilowa inakaribia 2. Bodi ni ile ile, jicho linaona kiasi kile kile. Wewe uliyezoea kupima saruji na nondo utaielewa hesabu hii kwa siku moja. Wapo madereva wazoefu wanaobahatisha mpaka leo.

Ukishamaliza mwaka mjini, utaanza kutoka: Iringa kupitia Mtera, Singida, Babati kupitia Kondoa. Hapo utakutana na milima, na nataka uijue kanuni ya kuteremka kabla hujaiona miteremko yenyewe. Breki za lori ni za upepo. Ukikanyaga, upepo unasukuma lainingi, vile vipande vya kusuguana, zibane ngoma ya gurudumu. Ukikanyaga mfululizo mteremko mzima, ngoma inapata moto, inatanuka na kukimbia lainingi, nazo lainingi zinapoteza mshiko. Unakanyaga mpaka mwisho, gari halisikii. Madereva wanasema "breki zimekataa", kana kwamba zimeamua zenyewe, kumbe zimechomwa kilomita tatu nyuma. Punguza mwendo kabla mteremko haujaanza, ingia gia ambayo ungeipandia mlima huo huo au ndogo zaidi, washa breki ya injini, na breki ya mguu uitumie kwa vipindi: bana sawasawa, mwendo upungue, achia ipoe. Usiweke gia huru ili kuokoa mafuta. Mlima Sekenke kule Iramba na Nyang'oro kabla ya kufika Iringa inapitika salama kila siku na watu wanaofuata hayo tu. Mwendo wa juu wa gari zaidi ya tani tatu na nusu ni kilomita 80 kwa saa, na kwa mwendo huo unakula mita 22 kila sekunde. Ng'ombe wa Bahi akiamua kuvuka hatakupa hizo sekunde.

Na gari likiharibika, weka pembetatu mbali nyuma. Matawi ya miti tunayotawanya barabarani usiku hayaonekani na taa mpaka mtu awe ameshafika, na wengi wakiondoka wanayaacha hapo hapo lamini.

Mwili sasa. Mke wako ana hoja hapa, hata kama hakuisema hivi. Baada ya miaka 40 macho yanabadilika: kusoma karibu kunasumbua, na usiku taa za gari linalokuja zinakupofusha kwa muda mrefu kuliko zamani. Kwenye pikapu ya ofisi, mchana, usingeligundua hilo. Pima macho, tena umweleze daktari kwamba utaendesha usiku. Pima shinikizo la damu na sukari. Sukari ikipanda na kushuka inaleta kizunguzungu na usingizi, na kazi yenyewe inaiongeza: kukaa saa nyingi, soda, chipsi mayai na nyama choma za Gairo. Ukiwa tayari unatumia dawa, hilo halikufungii mlango, ila dawa zako za safari ziwe za siku nyingi kuliko safari yenyewe. Machi 2020 maji yalipokata barabara ya Morogoro–Dodoma pale Kiyegeya, watu walikwama ambao asubuhi walidhani wangelala nyumbani. Maji ya kunywa yawemo kwenye kebini siku zote. Joto la huku si la mchezo, na madereva wengi hawanywi ili wasisimame kukojoa. Figo zinalipa baadaye.

Usingizi una saa zake mbili za kuwinda: saa nane mpaka saa kumi na moja alfajiri, na saa nane mpaka saa kumi mchana. Kijana anaweza kuupigania, wewe usijaribu. Egesha sehemu yenye watu, lala dakika ishirini au nusu saa, endelea. Utapewa mirungi, utapewa vinywaji vya kuchangamsha. Mirungi kwanza ni kosa la jinai nchini kwetu. Halafu vyote hivyo vinachelewesha usingizi tu, na ukija unakuja wote kwa mpigo. Tajiri akikupangia safari ambayo haiwezekani bila kukesha, mwambie mapema ukiwa bado Dodoma. Nitasema na hili kama kaka mkubwa: safari ndefu zina nyumba za wageni, pombe na upweke, na virusi vya UKIMWI vimewamaliza madereva wengi wa rika langu. Jitunze, pima mara kwa mara, na umpe mkeo sababu ya kutokuwa na wasiwasi.

Fuso ya shemeji. Sikukatazi kumiliki gari, nakukataza kujifunzia kwenye gari lenye deni. Dereva mpya anachoma klachi, anakwangua bodi, anapasua tairi kwenye kingo za barabara. Hiyo ni ada ya kujifunza na kila mmoja wetu inamkuta. Gari likiwa la tajiri, unagombezwa. Likiwa la mkopo, wiki mbili liko gereji na rejesho la mwezi linakusubiri, na milioni 6 zako zimekaa kama dhamana. Tena gari lililotumika linahitaji mwenye sikio la kusikia injini inaumwa nini kabla fundi hajakuambia anachotaka. Sikio hilo utalipata kwenye gari la mtu. Baada ya miaka miwili mitatu, ukijua mzigo gani unalipa, mwezi gani, njia ipi, na tairi linaisha baada ya muda gani, rudi kwa shemeji mzungumze. Kwa sasa toa kwenye hizo milioni 6 ada ya chuo, vipimo na chakula cha miezi ya mwanzo, zinazobaki zisiguswe.

Semi za Rwanda ni ngazi ya juu na posho yake ni ya kweli. Lakini kutoka Dar es Salaam hadi Rusumo, mpakani na Rwanda, ni zaidi ya kilomita 1,200, na mgeni anakwama kwanza kwenye jambo dogo: trela likirudi nyuma linakwenda kinyume na usukani, na ukichelewa kulisahihisha linajikunja. Hilo halijifunzwi kwenye foleni ya mpakani huku wenzako wanapiga honi. Mafuta ya petroli yasiwe mzigo wako wa mwanzo hata kidogo, hata wakikupa mshahara mara mbili. Yaliyotokea Msamvu, Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019, tanki lilipoanguka na watu zaidi ya mia wakafa kwa moto, kila dereva wa nchi hii anayajua. Watu wananiuliza pia kama treni ya SGR itaua kazi ya malori. Tangu 2024 inabeba abiria mpaka Dodoma, na mizigo ya masafa marefu sehemu yake itahamia relini, hilo silipingi. Ila kontena likishushwa kwenye bandari kavu ya Ihumwa halitatembea lenyewe kwenda Kizota au Kondoa. Kwa mtu anayetaka kulala kwake, hiyo ni habari njema kuliko mbaya.

Nimeacha mkataba mwishoni kwa sababu kwako wewe una uzito kuliko kwa kijana. Umechangia NSSF miaka 13, yaani miezi 156, kama mwajiri wako aliwasilisha yote. Pensheni inataka miezi 180. Umebakiza miezi 24 tu! Ndiyo sababu nasema usikubali kazi ya "nitakupa posho ya safari, mengine tutaelewana", hata posho ikiwa nono. Mshahara mdogo wenye mchango kwa miaka miwili unakufungulia pensheni utakayoanza kuidai ukifika miaka 55 kwa hiari au 60 kwa lazima. Nenda ofisi ya NSSF uchukue taarifa ya michango yako, uhesabu mwezi kwa mwezi kama unavyohesabu stoo, na ukikuta pengo lidai sasa kabla ya karatasi za hilo tawi lililofungwa kupotea. Mwajiri mdogo akikataa kabisa kukuandikisha, uliza NSSF kuhusu kujichangia mwenyewe. Usikimbilie kuzitoa fedha hizo ili ulipie chuo.

Kwenye mkataba angalia pia kama mwajiri amejisajili Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, maana ajali ya kazini ndiyo hatari yako kuu. Sheria ya ajira inasema siku ya kazi pamoja na saa za ziada isizidi saa 12. Madereva wengi hawajawahi kuisikia. Makato ya hasara yanataka utaratibu na maandishi, na hayatakiwi kumeza zaidi ya robo ya mshahara wako. Ukiachishwa kazi bila haki una siku 30 za kwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA. Ukikaa kumbembeleza tajiri miezi mitatu, mlango huo unakuwa umeshafungwa.

Kuhusu wakati: mahindi na alizeti za kanda hii zinaanza kutoka shambani kuanzia Mei, na kuanzia Juni wenye magari wanahangaika kutafuta madereva, hata wale wa mjini wanavutwa kwenda Kibaigwa na Kongwa, viti vyao kwenye tipa vinabaki wazi. Kiti kama hicho ndicho unachokitafuta. Chuo kiwe kimeisha kabla ya hapo.

Mkeo usimshawishi kwa maneno. Mwambie mwaka wa kwanza utalala nyumbani, mwonyeshe taarifa ya NSSF, mwende naye kupima macho na sukari. Mfanye hivyo kabla hujalipa hata shilingi ya chuo, kwa sababu daktari akisema usiku huoni, ada hairudishwi.